Chumvi ya Kupimia Moto

Kaltuma alipofungua tanuri asubuhi ile, hakuhitaji kuambiwa. Vipande vya kioo cha buluu alivyokuwa amevipanga ukingo kwa ukingo mpaka mgongo ukamuuma vilikuwa vimeyeyuka, vikatambaa, vikawa kidimbwi kimoja chenye malengelenge. Upande mmoja kidimbwi kilikuwa kimeng'ang'ania jiwe la rafu kama ukoko wa ugali. Kipima joto cha ukutani kilikuwa kimesema mia nane, si zaidi, na kwa mia nane vipande vile vilipaswa kushikana na kutulia, basi. Kaltuma aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akakitazama kile kipima joto kwa chuki ambayo watu wengi huwawekea mawifi.

Tanuri lilikuwa nyuma ya duka la vioo la baba yake, Jaffer, mjini Kisii, chini ya mabati yaliyovuja upande mmoja. Jaffer alikuwa amekata vioo vya madirisha maisha yake yote, na masazo aliyatupa kwenye pipa mpaka binti yake aliporudi kutoka chuo cha sanaa Nairobi na kutangaza kwamba yataunganishwa kwa moto yawe sahani na vivuli vya taa. Majirani walicheka. Baada ya muda wale wale waliocheka wakaanza kupita dukani na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna ya kijani. Tanuri lenyewe alilijenga Mzee Ombati wa Suneka, fundi umeme mstaafu aliyekuwa ametengeneza majiko ya mikate ya kila mwoka mikate wa sehemu zile. Alikuwa rafiki wa Jaffer wa kunywa naye chai, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba jambo fulani halijui.

Lakini kioo kile cha buluu hakikuwa masazo. Kililetwa na Nyaboke, mwalimu wa kemia huko Birongo, kikiwa vipande vipande ndani ya leso, baada ya mvua ya mawe kupita upande ule na kutoboa hata paa. Kilikuwa cha mlango wa mama yake. Mama huyo, Mokeira, macho yalikuwa yamemwishia kidogo kidogo. Nyuso hakuziona tena, hata wa bintiye. Ila kila asubuhi jua lilipopenya kwenye kioo kile, ambacho marehemu mumewe alikitia mlangoni walipojenga nyumba, buluu nzito ilianguka sakafuni, na bibi akaiona. Aliketi mbele yake na chai yake. Hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba kumekucha.

Tangu kioo kivunjike, bibi alikataa kutoka kitandani. Nyaboke alimweleza kwamba kilichoharibika ni kioo, si macho, naye akamjibu kwa upole kwamba anajua watoto husema hivyo. Walitia kioo kingine cha buluu, hiki chepesi kinachouzwa siku hizi. Wakamshika mkono mpaka pale, asione kitu, na akarudi kulala akiwa na hakika kuliko mwanzo. Sasa hata uji ulikuwa wa kubembelezwa. Ilibidi irudi buluu ile ile nzito, na haikuwa ikiuzwa popote. Kaltuma alikuwa amewapigia simu wauzaji wote aliowajua, wa Nairobi na wa Mombasa, wakamwambia vioo vya namna hiyo waliviona mara ya mwisho wakiwa wadogo.

Na sasa nusu yake ilikuwa imekuwa kidimbwi. Nusu nyingine ilipona, lakini si kwa busara ya mtu yeyote. Tanuri lilikuwa dogo, basi.

Kaltuma angeweza kunyamaza kwanza, atafute maneno mazuri. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwa sababu ya aibu hiyo hiyo akapiga simu kabla hajanawa mikono. Nyaboke alifika mchana, chaki bado ikiwa kwenye mkono wa koti lake. Alikichukua kile kidimbwi, akakigeuza, akakitazama dhidi ya mwanga. Kisha akakasirika, na alikuwa na haki. Aliuliza kama Kaltuma hakujaribu kwanza kwa kioo kingine. Kaltuma akakiri kwamba alijaribu kwa vipande vya dirisha, vikatoka vimelegea kidogo, naye akajiambia kwamba vioo vya dirisha ndivyo vilivyo. Nyaboke akataka vipande vilivyobaki. Kaltuma akampa bila ubishi, leso na yote, akamwambia kwamba hatakigusa hata kimoja mpaka ajue ni moto gani huo anaowasha.

Nyaboke alikuwa tayari mlangoni. Akageuka.

"Hii mia nane yako," akasema, "ni nani aliihakikisha?"

"Mita ndiyo inasema, Mwalimu."

"Na mita, ni nani aliiuliza?"

Nyaboke aliweka mkoba chini, na hasira yake ikageuka kuwa somo, jambo ambalo wanafunzi wake wangelitambua mara moja. Alieleza kwamba chumvi safi ina tabia moja nzuri: huyeyuka kwa nyuzi mia nane na moja. Haiyeyuki kabla, haingoji baada, na haijali mita inasema nini. Angeleta ile safi ya maabara, kwa sababu ya jikoni huchanganywa na vitu vingine. Leso aliondoka nayo. Kaltuma hakumlaumu, maana angekuwa yeye angeondoka na zaidi ya leso.

Chumvi ilipofika, Kaltuma alichukua kikombe kimoja cha kahawa cha marehemu mama yake, vile vidogo vya kauri visivyo na mkono, akakijaza chumvi mpaka ikafanya kilima, akakiweka juu ya jiwe, pale pale ambapo kioo hukaa. Akavaa miwani ya fundi wa kuchomelea na kuchungulia kwenye tundu la mlango huku mita ikipanda. Mia saba, kilima kipo. Mia saba na ishirini, kipo. Ilipofika mia saba na arobaini kilima kilizama katikati, kikalainika pande zote, na mara kikombe kikawa na maji yanayong'aa. Ndani ya tanuri kulikuwa mia nane na moja, na mita ilikuwa sitini nyuma, imetulia ukutani bila haya.

Mzee Ombati aliitwa kutoka Suneka. Alikuja na koti lake la suti, akaitazama mita kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyelipa, akatoa hukumu.

"Hii kitu ya China ndio inadanganya. Nunua ingine."

Kaltuma akanunua nyingine. Akabadilisha na ule ufito wa kupimia unaoingia ndani ya tanuri, ili pasiwe na kisingizio. Chumvi ikayeyuka mapema vilevile. Mzee alipopigiwa simu alifikiri kidogo, akasema labda tatizo ni chumvi, kwa kuwa vitu vya shule huwa vimeharibika. Kaltuma alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akakata simu na kicheko kikaisha, kwa sababu huko Birongo kulikuwa na mwanamke aliyelala akiamini amekuwa kipofu kabisa.

Jaffer, ambaye hupenda mambo yaishe, alishauri jambo lenye akili: kama mita iko nyuma kwa sitini, si apunguze sitini na aendelee na kazi? Kaltuma alikuwa amelifikiria hilo. Alirudia jaribio, safari hii akipandisha moto polepole, na tofauti ikawa thelathini tu. Akarudia kwa haraka, ikapita sitini. Kosa linalobadilika namna hiyo huwezi kulitoa kwa hesabu, na nusu ile ya mwisho haikuwa kitu cha kubahatishia. Alimwambia baba yake kwamba hataki kujua mita imekosea kiasi gani, anataka kujua kwa nini. Jaffer akainua mikono na kurudi kwenye vioo vyake, akinung'unika kwamba ukaidi huu si wa upande wake.

Tanuri lilipopoa, Kaltuma aliingiza kichwa ndani na tochi, akakaa humo muda mrefu hata mteja mmoja aliyepita uani akauliza kama kuna mtu amekwama. Juu, kwenye dari, nyaya za moto. Katikati, jiwe. Chini ya jiwe, ukitokeza ukutani, ufito wa kupimia. Alivitazama vitu hivyo vitatu, akavitazama tena, na moyo ukamshuka.

Jiwe lile halikuwako zamani. Rafu ya kwanza ilikuwa nyembamba, na ilipopasuka Mzee Ombati alisema hakuna haja ya kuagiza nyingine mbali wakati machimbo ya Tabaka yako hapo. Akaleta bamba la jiwe la Tabaka, nene kuliko kiganja, alilolichagua mwenyewe machimboni na kulibeba begani kutoka stendi, akikataa kusaidiwa na mtu. Watu wa pande zile wamechonga jiwe hilo tangu enzi za babu zao, na ukitaka kumwona Mzee Ombati akikasirika, mwambie lina kasoro. Alilipaka udongo mweupe ili kioo kisishike, akalipiga kofi na kusema hili litatuzika sote. Na kweli halikupasuka. Liliketi juu ya ule ufito, likafunika moto wote uliotoka juu, na kioo kikawa kinaungua juani huku mita ikiwa imekaa kivulini. Mita haikuwa imedanganya hata siku moja. Ilikuwa ikisema ukweli wa chini ya jiwe.

Kujua ni jambo moja. Kumwambia mzee wa rika la baba yako, aliyekujengea tanuri bila kukusumbua, kwamba zawadi yake ndiyo iliyoharibu kazi, ni jambo lingine. Kaltuma aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Alitunga maneno ya adabu, yote yakaishia pale pale. Mwisho aliamua kutosema lolote. Alichukua vikombe viwili vya mama yake, akavitia chumvi sawa, kimoja akakiweka juu ya jiwe na kingine akakisukuma chini yake, kikagusana na ufito. Akawasha moto, akapandisha haraka mpaka mita ikakaribia pale kilima kilipozama mara ya kwanza, akazima. Tanuri lilipopoa vya kutosha alimwomba baba yake amwalike rafiki yake chai.

Mzee alikuja, akanywa, akala mahamri, akaulizia habari za mita mpya. Kaltuma akaleta vikombe kwenye sinia. Cha juu ya jiwe kilikuwa na kigae cheupe kilichoganda chini, kigumu, hakikutikisika hata alipokipindua. Akaomba mkono wa Mzee. Mzee akautoa bila kuelewa, naye akamiminia kiganjani kikombe cha chini. Chumvi ilitoka punje punje, kavu, kama ilivyotiwa, ikampita kati ya vidole na kuanguka kwenye suruali.

Jaffer aliacha kukoroga chai. Mzee Ombati alitazama kiganja chake, akatazama kikombe kingine, akatazama upande wa uani ambako tanuri lilikuwa.

"Hii ya mkononi ilikuwa karibu na mita?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na moto ilikuwa moja."

"Ulikuwa mmoja."

Kama mzee angeinuka na kuondoka wakati ule, urafiki wa baba yake ungeondoka naye.

"Ni mimi niliweka hiyo jiwe," Mzee akasema.

"Na halijavunjika mpaka leo, Mzee. Ila linafunika."

Mzee alikung'uta chumvi, akavua koti la suti, akalikunja na kuliweka juu ya kiti kwa uangalifu mkubwa.

"Leta msumeno," akasema.

Jiwe la Tabaka hukatika kwa msumeno wa mkono, ukiwa na subira. Mzee alilipasua ubavuni mpaka likawa jembamba kama ubao wa kukatia mboga. Aliyejaribu kumpokea alitazamwa vibaya. Vumbi jeupe lilimjaa nyusi na viatu. Kisha akatoboa ukuta wa tanuri upya, juu zaidi, akauhamisha ufito mpaka ncha yake ikawa usawa na mahali kioo kinapolala, akaziba tundu la zamani. Alipomaliza alisimama mbele ya ile mita ya China akaitikia kwa kichwa. Jaffer aliapa baadaye kwamba mzee aliiomba radhi, lakini Jaffer huongeza chumvi, na siku hiyo chumvi ilikuwa nyingi pale nyumbani.

Kaltuma alipima tena. Mia saba na tisini, kilima kilisimama wima. Mia nane na moja, kilianza kuzama. Alirudia kwa moto wa polepole, akarudia kwa wa haraka, na kila mara chumvi na mita walikubaliana. Hapo ndipo alipompigia Nyaboke.

Nyaboke alikuja Jumamosi, uso umemsawijika. Alisema bibi siku hizi hageuki hata anapoitwa, hula vijiko viwili na kufumba mdomo. Hakutaka kusimuliwa habari za majaribio. Alitaka kuyaona kwa macho yake. Akavaa miwani, akainama kwenye tundu, akashuhudia kilima kikisimama na kikizama. Alipoinuka aliikuta mita ikisoma mia nane na moja. Alifungua mkoba, akaitoa leso, akaiweka mezani, akafungua fundo.

Kaltuma alivipanga vipande siku ile ile, kila kimoja kimeoshwa na kukaushwa. Moto ulipanda, ukafika, ukashikiliwa kidogo, ukaanza kushushwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutofungua. Kioo kikipozwa kwa pupa hupasuka, na vidole vya Kaltuma viliwasha kila alipopita karibu na mlango wa tanuri. Aliufunga kwa waya, akampa baba yake koleo na kumwambia asimpe hata akililia. Alililia mara moja. Jaffer hakumpa.

Alipofungua hatimaye, kioo kilikuwa kimelala bapa juu ya jiwe jembamba, kizima, bila lengelenge. Mahali vipande viliposhikana palionekana mistari myembamba, kama mishipa ya jani. Alikiinua kwenye mwanga na buluu ikamwagika usoni mwake na kwenye ukuta wa nyuma. Kaltuma akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kilikuwa kidogo, hilo halikufichika. Cha zamani kilijaza nusu ya mlango. Hiki kilikuwa na ukubwa wa sinia ya chai. Jaffer alikata kioo cheupe cha kukizungushia, na fundi seremala wa Birongo akavitia vyote mlangoni jioni, mlango ukiwa umefunguliwa mpaka nje ili bibi asisikie nyundo karibu.

Asubuhi Kaltuma alikuwako. Ukungu ulichelewa kuondoka juu ya migomba, na Nyaboke akawa anatembea huku na huko akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Jua lilipotoka, aliingia chumbani kumwamsha mama yake. Bibi akakataa. Nyaboke akamwambia kwa Ekegusii kwamba kuna mgeni ametoka Kisii mjini kuja kumsalimia, na hapo akapata alichotaka, maana Mokeira hakuwahi kumpokea mgeni akiwa amelala, na hakukusudia kuanza. Alitoka akishikilia ukuta, mwembamba kuliko Kaltuma alivyofikiri, akasalimia vizuri, akaulizia watu wa nyumbani, akaketi kwenye kiti chake cha zamani akielekea mbele.

Buluu haikuanguka mbele. Kioo kilikuwa kidogo, na sehemu yake ya mwanga ilikuwa imeangukia pembeni, karibu na mguu wa meza. Bibi alitazama sakafu iliyokuwa mbele yake, mahali alipopazoea, na uso wake haukubadilika. Nyaboke alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Kisha bibi akageuza kichwa. Polepole, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoiamini. Akatulia hapo muda mrefu. Aliposema, alisema kwa Ekegusii, na Nyaboke akatafsiri.

"Anasema ni kadogo. Anauliza ile ingine ilienda wapi."

Nyaboke akaanza kueleza habari za mvua ya mawe. Kaltuma akamshika mkono.

"Mwambie nusu niliiunguza mimi."

Nyaboke alimtazama, akamwambia mama yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kuyaondoa macho pale chini. Halafu akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akainuka mwenyewe, akasema maneno machache.

"Amesema nini?" Kaltuma akauliza.

Nyaboke alikuwa akilia sasa, waziwazi, bila kujifuta.

"Amesema tumsogezee kiti."

Wakakisogeza. Bibi akaketi, akanyoosha miguu yake ndani ya buluu, akaomba chai.